Vijitu Sitini na Kopo la Vanishi

Maneno yaliletwa na jirani yangu msusi, chanuo likiwa mdomoni na kichwa cha mteja kikiwa mikononi mwake. Alisema kulikuwa na msichana mmoja aliyekuwa akipaka rangi vile vidoli vidogo vya maonyesho. Akazoea kulamba brashi, na siku alipokwenda kupimwa hospitali, damu ikatoka ya kijani.

"Ya kijani?" nikauliza.

"Kama majani, mwenzangu. Daktari mwenyewe alitoka mbio."

Nilicheka hapo hapo, na mteja naye akacheka. Lakini nilipofika nyumbani kicheko kilinikauka, kwa sababu binti yangu ndiyo kazi yake hiyo. Na kulamba brashi, nilishamwona kwa macho yangu.

Usiku huo nilimwota yuko kijani mwili mzima. Kesho yake nikamwota tena. Nimesoma shule ya msingi tu, sikujua nimuulize nani, kwa hiyo nikafanya kama wanavyofanya akina mama wengi: nikaanza kuogopa kwa nguvu zangu zote. Naandika haya ili wazazi wenzangu wajue woga wangu ulinifikisha wapi, na wale wanaofanya kazi hii wajue cha kujihadhari nacho.

Saa mbili asubuhi, binti yangu ameketi mezani karibu na dirisha. Ana miaka ishirini na mitatu. Mbele yake kuna sahani nyeupe, vikombe viwili vya maji, kitambaa cha pamba na mtu mwenye urefu wa kiungo cha kidole gumba.

Mtu huyo ni muuguzi. Amegandishwa kwa gundi juu ya kizibo cha soda ili aweze kushikwa bila kuguswa. Ana mikono, ana viatu, ana mkunjo kwenye gauni, lakini bado hana rangi zaidi ya ile ya kijivu anayotangulizwa nayo kila mmoja wao ili rangi nyingine zishike.

Wenzake kiwandani wanamwita Ukucha. Jina limetokana na ukucha wake wa gumba la kushoto, ambao hauishi rangi. Kila anapozimua rangi huchora kwanza mstari juu ya ukucha huo. Mstari ukibaki umesimama kama ukuta, rangi bado nzito. Ukikimbilia pembeni na kuacha katikati patupu, maji yamezidi.

"Inatakiwa iwe kama maziwa, Mama," ananiambia bila kuinua kichwa. "Ikiwa kama uji, sura yote inazama. Pua inakwenda, macho yanakwenda, unabaki na kiazi chenye kofia."

Anachukua tone la bluu, anaongeza matone mawili ya maji kutoka kikombe kilicho safi. Kile kingine ni cha kuoshea brashi tu. Anagusa kitambaa kwa ncha ya brashi ili maji ya ziada yatoke, kisha anapiga mkono wa kwanza wa rangi, yaani tabaka la kwanza, kwenye gauni la muuguzi.

Mimi nikiangalia naona kazi mbovu. Kijivu kinaonekana kwa chini, bluu imekaa mabaka mabaka.

"Mbona umemnyima rangi huyu?"

"Subiri, Mama."

"Au mmeambiwa mbane matumizi?"

Anacheka. Anamweka muuguzi kando, anachukua wa pili, wa tatu, mpaka wa kumi. Akirudi kwa wa kwanza, amekauka. Anapiga mkono wa pili, nao mwembamba vilevile. Kwenye mkono wa tatu gauni linakuwa bluu kamili, na kila mkunjo bado upo, unauhesabu. Halafu anachanganya bluu na nyeupe kidogo, anapita juu ya migongo ya mikunjo tu, anaacha giza chini. Ghafla gauni lina upepo. Nakuapia, niliona kama muuguzi anataka kuondoka kwenye kizibo.

"Huo ndio mkono wa ngapi?" nikauliza.

"Wa nne. Na ukirudia kabla wa chini haujakauka, unauchana wote unatoka na brashi. Kazi hii asilimia kubwa ni kungoja."

Kiwanda anachofanyia kazi hutengeneza majengo madogo ya mbao na plastiki kabla majengo yenyewe hayajajengwa, ili wenye fedha waone watakachopata. Bila watu, jengo linaonekana kama kabati. Kwa hiyo hupandikizwa watu wadogo milangoni, kwenye ngazi, kwenye viti. Wa kuwavalisha watu hao ndiye binti yangu.

Alikuwa kwenye majaribio ya miezi mitatu. Malipo kwa kila mtu mmoja yalitosha mikate miwili, na siku njema alimaliza watu wanane. Kazi ya mwisho ya majaribio ilikuwa hospitali ya ghorofa nne, watu sitini. Fundi Mkuu, mzee anayevaa miwani mbili kwa pamoja, moja machoni na nyingine kwenye paji la uso, alimwambia hivi: "Sitini wakipita, meza ya dirishani ni yako, unaajiriwa. Wasipopita, nitakuandikia barua nzuri tu ya kukusifu."

Barua ya kukusifu hailiwi. Hilo sote tulilijua.

Wiki ya mwisho kiwandani walikuwa wanakata mbao, vumbi kila mahali, na vumbi likitua kwenye rangi mbichi ndiyo basi tena. Fundi akamruhusu aje amalizie nyumbani. Ndivyo watu sitini walivyohamia kwetu, kwenye sanduku la viatu, kila mmoja na kizibo chake.

Na ndivyo nilivyopata nafasi ya kumchunga vizuri.

Siku ya kwanza tu nikamkamata. Brashi ilichanua, akaitia mdomoni, akaizungusha kwenye midomo, ikatoka na ncha kali kama sindano.

"Temea hapa!" nikapiga kelele nikiwa na kikombe.

"Mama!"

"Temea nione rangi yake!"

Alitema huku anacheka. Mate yalikuwa mate. Nikamweleza habari ya damu ya kijani. Akachukua pini, akajichoma kidole, akanionyesha. "Nyekundu. Umeridhika?"

Sikuridhika. Nilimpigia simu Fundi Mkuu mwenyewe, nikamuuliza wazi wazi. Akasema: "Habari ya damu ya kijani ni uongo, mama. Lakini kulamba brashi ni ujinga, nimemkanya mara mbili. Zipo rangi zenye madini mabaya, hasa baadhi ya njano na nyekundu. Azungushe ncha kwenye kitambaa. Mwambie mimi nimesema."

Nilimwambia. Kwa muda wa siku tatu nilitembea kifua mbele.

Lakini yule msusi hakulala. Akaja na jipya: sio rangi, ni ile dawa ya kopo wanayopuliza mwishoni. Hiyo ndiyo inayokula mapafu. Na safari hii, kwa bahati mbaya, hakuwa mbali na ukweli, maana hata Ukucha alisema vanishi ile haipulizwi ndani, na mwenye kuipuliza hufunika pua na mdomo.

"Sasa wewe unapuliza wapi?"

"Nje, Mama. Siku yenye jua. Hata dakika tano hazifiki."

Dakika tano za kula mapafu ya mwanangu. Nilizihesabu kichwani usiku mzima.

Asubuhi ya kupeleka kazi, Ukucha alitoka mapema kwenda kununua gundi. Watu sitini walikuwa mezani, wamekamilika: madaktari, wauguzi, wagonjwa, mjamzito mmoja mwenye mkono kiunoni ambaye nilimpenda kuliko wote. Kilichobaki ni vanishi tu, ili wasichubuke wakishikwa. Walitakiwa kiwandani saa sita mchana.

Niliwaza hivi: mimi nimeshaishi. Kama ni mapafu, bora yangu. Nikipuliza mimi, yeye akirudi anakuta kazi imekwisha na harufu imeondoka.

Nikachukua kopo. Maandishi yalikuwa ya lugha nisiyoijua, lakini palikuwa na picha. Ya kwanza, mkono unatikisa kopo. Nikatikisa. Ya pili, mtu amefunika pua. Nikajifunga kitambaa. Ya tatu, wingu lenye matone, limepigwa mstari mwekundu. Nikaangalia juu: manyunyu membamba, yale ambayo hata huyasikii, yanakulowesha nywele tu. Nikaelewa kwamba kopo halitakiwi kunyeshewa. Kwa hiyo nikalifungulia mwavuli.

Nilisimama uani, mwavuli mkono wa kushoto, kopo mkono wa kulia, watu sitini wamejipanga kwenye ubao chini ya upenu. Nikapuliza. Kushoto kwenda kulia, kulia kwenda kushoto. Nikaona wanameta. Nikajisifu kimoyomoyo. Nikaongeza, ili vanishi ikolee.

Nilikwenda kunawa. Niliporudi, walikuwa weupe.

Sio kung'aa. Weupe, kama waliomwagiwa unga. Gauni la bluu la muuguzi limekuwa la jivu. Yule mjamzito wangu hana uso. Nilimshika mgonjwa mmoja, nikampangusa kwa kidole, unga hautoki. Nikampangusa tena. Nikakaa chini kwenye sakafu yenye maji.

Ukucha alinikuta hapo. Aliangalia ubao. Akaangalia kopo. Akaangalia mwavuli.

"Mama," akasema, "ulipuliza kwenye manyunyu?"

"Nililifunika kopo."

Hakunifokea. Ningefurahi angenifokea. Aliweka gundi chini, akajishika kichwa, akazunguka uani mara mbili, akapiga simu, akaiweka kwa sauti kubwa.

Fundi Mkuu alisikiliza mpaka mwisho. "Usikwangue," akasema. "Umesikia? Usiguse kitu chenye ncha. Umemfuta yeyote?"

"Hapana."

Nikainua mkono kama mtoto darasani, ingawa hanioni. "Mmoja, Fundi. Kwa kidole."

"Huyo ni nani?"

"Ni mama," akasema Ukucha. "Anasaidia."

Kisha Fundi akasema: "Rangi haijafa. Iliyoharibika ni vanishi ya juu, imekamata unyevu ikiwa bado mbichi, imekuwa ukungu. Una ile vanishi ya maji, ya kung'aa?"

"Nusu chupa."

"Haya. Izimue kidogo, ipake kwa brashi. Ikiingia kwenye ule ukungu itaujaza, utaona rangi inarudi. Lakini nyembamba! Ikituama usoni utaniletea watu wenye machozi. Na wakauke kabisa, la sivyo unafunga maji ndani. Mimi saa sita nawaangalia. Saa nane mwenye hospitali anafika, sina namna ya kumwambia asubiri."

Saa ilikuwa tatu na robo.

Tuliwaingiza ndani, tukafunga mlango unyevu usitufuate. Ukucha alizimua, akajaribu ukuchani, akaongeza tone, akajaribu tena. Mimi nilikuwa nacheza cheza kwa papara. "Mwagia tu mwanangu, muda unakwenda!"

"Mama, mwembamba mara mbili. Nikiweka mnene mara moja ndiyo tumemaliza kazi, lakini vibaya."

Akamchukua muuguzi wa kwanza. Akapitisha brashi begani, polepole.

Bluu ikarudi.

Ilirudi kama dirisha lenye mvuke unapolipangusa. Brashi ilipopita palikuwa na gauni, mikunjo, kola, mpaka kitufe. Nilipiga kelele kiasi kwamba jirani msusi alikuja mbio akidhani kuna msiba.

"Kuna nini? Damu?"

"Damu gani! Nenda kalete mashine yako ya kukaushia nywele!"

"Ya nini?"

"Wateja sitini wanakusubiri!"

Akaileta, na mteja wake akiwa amesukwa nusu akamfuata nyuma. Ukucha alimwambia aiweke upepo wa baridi na asimame mbali, asije akawapeperusha wagonjwa. Nikakabidhiwa brashi ya pili na nyuma za watu, migongo tu, kwa sababu sura hazikuwa za mikono yangu. Nilipaka mgongo mmoja, wa pili, wa tano.

Kwenye mgongo wa kumi na mbili nywele za brashi zikachanua. Nikafanya ninavyofanya na uzi unapokataa kuingia kwenye tundu la sindano. Nikaipeleka mdomoni.

"MAMA! MDOMO!"

Ilikuwa imebaki upana wa unywele. Msusi alicheka mpaka mashine ikapuliza ukutani. "Leo ndiyo tungeiona hiyo ya kijani," akasema.

Saa tano kasoro tulikuwa tumemaliza mkono wa kwanza. Ukucha aliwajaribu kwa nyuma ya kidole, mmoja mmoja, kama mtu anayepima homa. Wanne walikuwa wananata bado, akawarudisha kwa msusi. Mkono wa pili ukapita kwenye wale waliobaki na ukungu mabegani. Kisha vanishi nyingine, ya kufifisha mng'aro, nayo kwa brashi, maana kopo nilikuwa nimeshalifungia kabatini na ufunguo nimeuweka kifuani.

Hamsini na saba walirudi kama walivyokuwa. Watatu, tukajaribu tukajaribu, weupe ukagoma kutoka kwenye nywele. Mmoja alikuwa yule niliyempangusa kwa kidole.

Saa sita kasoro dakika tano tuliingia kiwandani. Nilikwenda naye, alikataa nikaenda. Fundi Mkuu alishusha miwani ya paji la uso, ikawa miwani juu ya miwani, akaanza. Alimgeuza kila mmoja kwenye mwanga wa dirisha. Hamsini na saba akawasogeza upande mmoja. Mimi nilisimama nyuma ya binti yangu nikiwa nimeshika mkanda wa gauni lake, nadhani nilikuwa nauvuta.

Akafika kwa wale watatu.

"Hawa?"

Ukucha alivuta pumzi. "Hawa nimeshindwa, Fundi. Ni kosa langu, niliacha kopo mahali..."

"Kosa langu," nikasema. "Nilipuliza mimi. Nilikuwa naogopa mapafu yake. Kama kuna barua ya kuandika, niandikie mimi."

Fundi alinitazama kwa zile miwani zote mbili. "Kwa hiyo ndiye wewe wa kidole."

"Ndiye mimi."

Akarudi kwa wale watatu. Akawasogeza karibu na jicho, mmoja baada ya mwingine. Kisha akaanza kutikisika mabega, nikajua anacheka. "Watu sitini," akasema, "na wote vijana. Hospitali gani haina wazee? Mwenye hospitali angeniuliza hilo swali la kwanza." Akachukua gundi, akawakalisha wale watatu wenye mvi kwenye benchi la mapokezi.

Halafu akamgeukia Ukucha, na kicheko kikaisha. "Wangekuwa kumi, ningewarudisha. Nataka ulijue hilo. Meza ni yako kuanzia Jumatatu. Watu hawatoki tena humu ndani, hata vumbi liwe la namna gani."

Sikumbuki nilifanya nini. Ukucha anasema nilimkumbatia Fundi na miwani moja ikaanguka. Ninachokumbuka ni kwamba nilimwambia, kwa kuwa watu hawatoki, basi vanishi itapulizwa humu humu, na hakuna hata feni ya kutoa hewa. Alinung'unika kuhusu wazazi wa siku hizi. Baada ya wiki mbili aliweka sanduku la kupulizia lenye feni inayotoa hewa nje kwa bomba. Nilikwenda kulikagua.

Ukucha sasa ana miezi saba kwenye meza ya dirishani. Kazi inayokuja ni soko zima, watu mia tatu, na ameomba apewe mtu wa kumfundisha. Anataka awe mtu aliyekwishavuka miaka arobaini. "Vijana hawajui kungoja rangi ikauke," ananiambia. "Mtu aliyelea watoto anajua." Ana mpango, soko likiisha, awe na wanafunzi wanne, na kila mmoja awe na ukucha wake wa kujaribia.

Nilimuuliza kama anadhani mimi ningeweza. Akasema migongo, labda.

Kwa mnaofanya kazi hii, na kwa mnaowazaa wanaoifanya, haya ndiyo ya kuepuka:

Usilambe brashi. Ncha izungushie kwenye kitambaa.

Usitumie maji ya kuoshea brashi kuzimulia rangi.

Usiweke kikombe cha chai karibu na kikombe cha brashi. Nimekunywa.

Usipake rangi ikiwa nzito kama uji.

Usipige mkono wa pili kabla wa kwanza haujakauka, hata kama unaitwa.

Usipulize vanishi ndani ya chumba kisichopitisha hewa, na usipulize pua ikiwa wazi.

Usipulize siku ya mvua, manyunyu wala ukungu. Mwavuli hausaidii.

Usipulize wote kwa mara moja. Anza na mmoja, ungoje.

Wakigeuka weupe, usikwangue wala usifute kwa kidole.

Usiamini habari ya damu kabla hujamuuliza mwenye kazi.

Usimfanyie mwanao kazi yake akiwa ametoka.